Mashine ya kulia inaonekana kwenye kompyuta, ya kushoto haionekani: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Tanga

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 66, naishi Tanga. Mpwa wangu aliyeko Hamburg ameniletea jozi mbili za mashine za kusikia, Oticon Opn 1 miniRITE, zilizokwisha kutumika, pamoja na kifaa cha Noahlink Wireless cha kuziunganisha na kompyuta. Nimefungua Genie 2, programu ya kupangia mashine hizi, lakini inaonesha mashine ya kulia tu. Ya kushoto haionekani kabisa. Nikifanikiwa nataka kuingiza vipimo vyangu vya mwaka 2021, kisha jozi ya pili nimpangie mjukuu wangu wa miaka 6, ambaye mwalimu wake anasema hasikii vizuri darasani. Nianzie wapi?"

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, kwa sababu mpaka hapo ulipofika hakuna kilichoharibika, na karibu kila kitu kinaweza kurekebishwa. Nitaanza na mashine ya kushoto, kisha nitakaa zaidi kwenye yale yatakayofuata ikishaonekana, maana kuunganisha ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Habari ya mjukuu nitaieleza mwishoni, na naomba uisome yote.

Opn miniRITE hutumia betri ya namba 312, ile yenye karatasi ya rangi ya kahawia. Betri hizi za zinki huanza kufanya kazi zinapovuta hewa kupitia vitundu vidogo vilivyofunikwa na karatasi hiyo, kwa hiyo ukiibandua na kuitumbukiza betri ndani ya mashine papo hapo, inakuwa bado haijapata nguvu yake kamili. Bandua karatasi, iweke betri juu ya meza kwa dakika 3 hadi 5, kisha ndipo uiingize. Usiridhike kwa sababu mita ya fundi umeme imesoma volti 1.4, kwa kuwa betri iliyochoka inaweza kusoma hivyo ikiwa haifanyi kazi yoyote, kisha ikaanguka mara tu mashine inapoanza kuwasiliana na kompyuta, kazi ambayo hula umeme mwingi kuliko kusikiliza mazungumzo ya sebuleni. Weka betri mbili mpya za pakiti moja, kulia na kushoto. Katika kazi yangu, hili peke yake limemaliza matatizo mengi ya namna yako.

La pili ni simu. Opn inaweza kuungana moja kwa moja na iPhone, na mashine iliyokwisha kushikamana na simu mara nyingi haijitokezi kompyuta inapoitafuta. Kama wewe, mpwa wako au mtu yeyote aliyeko nyumbani amewahi kuiunganisha na simu yake, zima Bluetooth ya simu hiyo, si kuifunga programu ya simu tu. Baada ya hapo fungua vijumba vya betri vya mashine zote mbili, hesabu hadi kumi, vifunge tena, uziweke sikioni au karibu na sikio usikie mlio mfupi wa kuanza. Ukisikia mlio kulia na usisikie kushoto, basi tatizo liko ndani ya mashine yenyewe na si kwenye kompyuta. Safisha vishikio vya betri kwa kitambaa kikavu, ukiangalia kama vina kutu ya kijani, jambo la kawaida kwetu watu wa pwani kwa sababu ya jasho na unyevu wa bahari. Lakini angalia usidanganyike, kwani mashine inaweza kuwa hai na spika yake imeziba kwa nta, ukadhani imekufa. Badilisha kwanza kichujio cha nta kilichoko kwenye ncha ya spika, kile cheupe kidogo kama punje ya ufuta.

Noahlink Wireless ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB la kompyuta, si kwenye kigawanyio chenye matundu mengi, na mashine zilale mezani umbali usiozidi mita moja, pasipo bamba la chuma wala tanuri la maikrowevu linalofanya kazi chumba cha pili, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi, na tanuri hilo hutumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Noahlink na mashine. Bluetooth iliyomo ndani ya kompyuta yako haihusiki. Usijaribu kuziunganisha mashine kupitia hiyo. Hatimaye soma maandishi madogo yaliyoko kwenye mwili wa kila mashine, jina la modeli na namba yake ya mfululizo. Nimewahi kuona "jozi" ambayo moja ilikuwa imepotea na kubadilishwa kwa modeli nyingine inayofanana nayo kwa umbo, na programu haikuwa na makosa kuikataa. Rangi nazo zikumbuke: nyekundu ni kulia, buluu ni kushoto, duniani kote.

Wasomaji wenye mashine za zamani zaidi, ambazo huunganishwa kwa waya, wanatumia kisanduku cha HI-PRO. Hapo waya wa kulia na wa kushoto huingia kwenye matundu mawili tofauti, na upande wa mashine huwa na utepe mwembamba au kibetri bandia kinachoingizwa mahali pa betri. Penye waya, mashine moja isipoonekana, badilishana waya kati ya kulia na kushoto: tatizo likihama na waya, waya umekufa, likibaki pale pale, ni mashine. Nyaya hizi hukatika ndani kwa ndani kwenye shingo ya plagi bila kuonesha jeraha lolote nje.

Sasa tuseme zote mbili zimeonekana. Jambo la kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kuzisoma mashine kama zilivyo na kuyahifadhi mapangilio yaliyomo kwenye kompyuta, chini ya jina jipya utakalolifungua kwenye programu, kwa mfano "Kama zilivyotoka Hamburg". Piga na picha za kila ukurasa kwa simu. Miaka kadhaa nyuma alinijia mzee ambaye kijana mmoja mwenye nia njema alikuwa amempangia mashine zake upya nyumbani, na alipolalamika kwamba sasa anasikia vibaya kuliko mwanzo, hapakuwa na pa kurudi, kwa sababu mapangilio ya awali yalikuwa yamefutwa na mapya. Ilibidi tuanze moja, na ikatuchukua ziara nne. Kusoma na kuhifadhi hakuchukui dakika tano.

Programu ikikupendekezea kuboresha programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe (firmware), kataa kwa sasa. Zoezi hilo huandika upya ubongo wa mashine, na umeme ukikatika au betri ikaisha katikati, unaweza kubaki na kipande cha plastiki. Hata kwa kazi ya kawaida ya kuhifadhi, hakikisha betri ya kompyuta imejaa kabla hujaanza.

Lililo kubwa, na ambalo watu wengi hulipita, ni spika. Kwenye miniRITE spika haimo ndani ya mwili wa mashine bali mwisho wa ule waya mwembamba, na huja kwa nguvu tofauti: 60, 85, 100 na 105. Namba imeandikwa kwenye spika yenyewe. Tafuta miwani na mwanga wa dirishani uisome. Kisha uhakikishe kwamba namba hiyo hiyo ndiyo iliyochaguliwa kwenye Genie 2, pamoja na aina na ukubwa wa ile kofia laini ya silikoni inayoingia sikioni. Kompyuta inapodhani kuna spika ya 60 kumbe umevaa ya 100, grafu yote unayoiona kwenye skrini ni uongo, na sauti inayoingia sikioni ni kubwa kuliko inayooneshwa. Hatari yake si ya kinadharia. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipoandika kanuni za vifaa vya kusikia vinavyouzwa bila cheti cha daktari, vile mtu anavyojipangia mwenyewe, iliweka kikomo cha juu kabisa cha sauti cha desibeli 111, au 117 ikiwa kifaa kina mfumo wa kubana sauti kubwa zinapoingia. Mashine zako hazikutengenezwa chini ya kanuni hiyo. Ni mashine za kupangiwa na mtaalamu, na spika zenye nguvu zinaweza kuvuka viwango hivyo. Sikio lililobaki na usikivu kidogo ndilo la kulindwa zaidi.

Tuje kwenye vipimo vya mwaka 2021. Uliniandikia, kwa sikio la kulia, desibeli 30 kwenye hezi 500 (hezi chache ni sauti nene, hezi nyingi ni sauti nyembamba), 40 kwenye 1000, 55 kwenye 2000 na 70 kwenye 4000, na la kushoto linakaribiana nalo. Ukijumlisha namba hizo nne na kugawanya kwa nne unapata takriban desibeli 49, na kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, hasara ya kuanzia desibeli 35 hadi chini ya 50 ni ya wastani. Namba hiyo moja, hata hivyo, inaficha umbo, na umbo ndilo linaloeleza maisha yako ya kila siku. Sauti nene unazisikia karibu kama zamani. Nyembamba zimepungua sana. Ndiyo maana mkeo akisema "shika" unasikia "fika", na "saa" inakuwa "faa", ilhali irabu zote zimekufikia vizuri na unaamini kabisa kwamba umesikia neno zima. Kuongeza sauti kwa ujumla hakutibu hali hiyo. Kutakupa feni, pikipiki na vyombo vya jikoni kwa wingi, na "s" itabaki haipo.

Vipimo hivyo, Mwalimu, vimepitwa na wakati. Usikivu wa mtu wa miaka 66 hausimami mahali pamoja kwa miaka mingi, na pia hujui kama mfereji wa sikio leo una nta iliyoziba. Ushauri wangu ni kwamba upimwe upya kabla ya kupanga chochote, kwenye hospitali yenye idara ya masikio, pua na koo na chumba cha kupimia kisichopitisha kelele. Kwa mtu wa Tanga, KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam zote zina idara hiyo. Omba nakala ya grafu yenyewe uondoke nayo, yenye upimaji wa njia ya hewa na wa njia ya mfupa. Tofauti kati ya njia hizo mbili humwonesha mtaalamu kama tatizo liko sikio la nje na la kati, ambako huenda kuna tiba, au sikio la ndani, ambako mashine ndiyo msaada.

Genie 2 ina njia ya kukupima kwa kutumia mashine zenyewe zikiwa sikioni, na wengi huipenda kwa sababu hawahitaji safari. Ni njia nzuri ya kuhakiki, si ya kuanzia. Sauti nene huvuja kupitia matundu ya kofia ya silikoni, hivyo kwenye hezi 250 na 500 utaonekana una hasara kubwa kuliko uliyo nayo. Kelele za mtaani nazo humeza zile sauti ndogo kabisa unazotakiwa kuzisikia. Na haiwezi kabisa kupima njia ya mfupa. Ukiitumia, itumie alfajiri, feni imezimwa na madirisha yamefungwa.

Ukishaingiza vipimo vipya, programu itakuuliza kanuni ya kukokotoa. Iko ya Oticon wenyewe, iko NAL-NL2 iliyotengenezwa Australia, na iko DSL ya Kanada. Kwako wewe NAL-NL2 inatosha kuanzia, kwa sababu haifungwi na kampuni moja na mtaalamu yeyote atakayekupokea baadaye ataielewa. Usishangae kuona kwamba kwa hasara ya desibeli 70 haikupi nyongeza ya desibeli 70. Tangu miaka ya 1940 wataalamu wamejua kwamba mtu huhitaji karibu nusu tu ya kile alichopoteza, kwa kuwa sikio la namna hii sauti ndogo halizisikii, lakini sauti kubwa huliumiza vilevile kama sikio zima. Nafasi kati ya kutosikia na kuumia imekuwa nyembamba, na mashine inapaswa kupita humo.

Fanya kisha kipimo cha mluzi, ule unaotokea sauti ya spika inaporudi kwenye maikrofoni ya mashine, mashine zote zikiwa zimevaliwa sawasawa na chumba kikiwa kimya. Utasikia mchakarisho wa nguvu kwa sekunde chache. Ni kawaida, usizivue. Kama programu itaonesha kwamba nyongeza ya sauti nyembamba imekatwa sana kwa kuhofia mluzi, jibu si kulazimisha namba zipande. Jaribu kofia kubwa kidogo au yenye matundu machache, urudie kipimo. Mwanzo chagua pia hatua ya chini ya kuzoea, maana ubongo uliokaa miaka bila "s" utaiona kali mno wiki ya kwanza, hata karatasi ya gazeti itasikika kama majani makavu yanayokanyagwa. Vaa saa chache kila siku, ongeza polepole, panda hatua baada ya wiki mbili au tatu.

Kuna kipimo kimoja cha nyumbani ambacho kwa mtu anayejipangia mwenyewe nakithamini kuliko grafu. Mwambie mkeo asimame nyuma yako, mita mbili, asome kwa sauti ya kawaida maneno yanayotofautiana kwa konsonanti moja: pata, kata, tata, fika, shika, saa, faa, sita, pita, kita. Wewe andika ulichosikia. Fanya bila mashine, kisha ukiwa nazo, na uhifadhi karatasi zote mbili kwa tarehe. Kisha agonganishe mifuniko miwili ya sufuria karibu nawe. Ukistuka ni sawa; ukikunja uso kwa maumivu, rudi kwenye kompyuta ushushe kikomo cha sauti kubwa, si sauti yote. Badilisha jambo moja tu kila unapokaa kwenye kompyuta, uliandike kwenye daftari, uliishi siku tatu, ndipo uguse jingine.

Mipaka nayo ipo. Acha kujipangia na umwone daktari kama sikio linatoa usaha au damu, kama linauma, kama una kizunguzungu, kama usikivu umeshuka ghafla ndani ya siku chache, kama sikio moja ni bovu sana kuliko jingine, au kama mvumo unausikia upande mmoja tu. Kushuka ghafla ni dharura. Kunahitaji daktari siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Na kama unaweza kumpata mtaalamu wa usikivu akakaa nawe kwa njia ya video, akiiona skrini yako wakati wewe ndiye unayebonyeza, umlipe ada yake bila kusita. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote kwa mtu aliye mbali na kituo, maana mikono ni yako lakini macho ni ya mtu aliyeona masikio mengi. Programu yenyewe uipate kupitia kwake au kwa wakala wa kampuni. Nakala zinazozagaa mitandaoni nimeziona zikija na virusi, na nyingine ni za zamani mno kuzitambua mashine.

Sasa mjukuu. Kwake, Mwalimu, jibu langu ni hapana, na nalisema nikijua kwamba umesukumwa na upendo. Hata Marekani, ambako tangu 17 Oktoba 2022 mtu mzima anaweza kununua dukani kifaa cha kujipangia, ruhusa hiyo ni ya wenye miaka 18 na kuendelea peke yao. Mfereji wa sikio la mtoto ni mdogo, na sauti ile ile inayotoka kwenye spika ile ile huwa kubwa zaidi ndani ya nafasi ndogo, kwa hiyo mtaalamu hupima kwa mrija mwembamba wa maikrofoni ulioingizwa kwenye sikio la mtoto mwenyewe, huku akitumia kanuni kama DSL iliyobuniwa kwa ajili ya watoto. Mtoto wa miaka 6 pia hatakwambia kwamba sauti inamuumiza. Atazivua mashine na kuzificha, na watu wazima watasema ni mkaidi. Tena hatujui bado kama anahitaji mashine hata kidogo. Watoto wengi wa umri huo hawasikii darasani kwa sababu ya majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, au nta, au usaha wa muda mrefu ambao nyumbani umezoeleka, na hayo hutibiwa.

Mpeleke wiki hii kama inawezekana, usisubiri likizo. Chukua cheti chake cha kliniki, umwambie daktari kama alizaliwa kabla ya wakati, kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au kulazwa kwa sindano kali akiwa mchanga, na kama masikio yake yamewahi kutoa maji. Muombe mwalimu wake aandike kwa mkono wake mambo anayoyaona: anakaa dawati gani, anageuza sikio lipi, anakosa maneno gani kwenye imla. Jozi ya pili iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na pakiti ya kukausha unyevu, betri zikiwa zimetolewa, uende nayo. Mtaalamu atakapokuwa na vipimo vya mtoto mkononi, yeye ndiye atakayesema kama mashine hizo zinamfaa na kwa spika ipi. Kwa sasa, mwambie mwalimu wake amkalishe dawati la mbele, mbali na dirisha la barabarani.